Kituo cha Kumi

Mtu aliyezaliwa katika mji wetu wa Ascoli, Italia, akabatizwa Ascoli, akaoa Ascoli na kuwazika wazazi wake Ascoli, halafu uzeeni aonekane akifuata ziara ya watalii na vispika masikioni, huyo ana lake jambo. Asitokee mtu akaniambia anatafuta historia. Historia sisi tunazaliwa nayo. Tunaikalia tukila mkate, tunaianikia soksi, na usiku tunajigonga nayo vidole vya miguu tukienda msalani. Hatuna haja ya kuelezwa.

Mtu mwenyewe alikuwa Ermete, fundi makufuli mstaafu, mgane, mpole, mwenye viganja vipana na masharubu aliyoyachana kila asubuhi kama anakwenda kupigwa picha. Kiangazi kile, kila alasiri jua likishapunguza ukali, alivaa kofia yake ya ukindu, akasimama mbele ya kibao cha kwanza pale Uwanja wa Arringo, akabonyeza simu, kisha akaianza safari mdogo mdogo, mikono nyuma, macho juu, utadhani ndiyo kwanza anauona mji. Watu wakamtazama, wakatazamana, wakacheka. Akiulizwa alijibu kwamba daktari amemwagiza atembee. Daktari naye alipoulizwa alisema hajamtia Ermete machoni tangu kabla ya Krismasi.

Ziara yenyewe ilianzishwa na chama cha mtaa wakati wa Pasaka. Haina mwongozaji wala mwavuli wa kufuata. Mgeni anaipakua kwenye simu yake, anatembea peke yake kwa mwendo wake, na akifika penye kibao sauti inaanza kumsimulia mambo ya mahali pale, huku asiyejua lugha yetu akisoma tafsiri kwenye kioo. Ina vituo kumi. Na imetengenezwa kwa ukaidi fulani: haisemi neno mpaka ufike penyewe. Ukitaka kujua ya kituo cha saba, ipeleke miguu yako kituo cha saba.

Sauti ilikuwa ya Iole, na hapo ndipo palipokuwa na mzizi wa mambo yote. Iole ni mjane wa marehemu mwalimu Gualtiero, na kila Krismasi ndiye anayezitangaza namba za tombola, ile bahati nasibu ya kadi, katika ukumbi wa parokia. Ana sauti nene yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu anayetaka kucheka lakini anakusubiri wewe uanze. Chama cha mtaa kilipotafuta wa kuisimulia ziara, kilijidai kufanya kikao. Kikao cha nini? Kila mtu alishajua itakuwa sauti ya nani.

Ermete alikuwa ameipenda sauti hiyo tangu Krismasi moja ya miaka ya nyuma. Mkewe alikuwa ameshafariki, naye ameshaomboleza kama inavyompasa mtu mwenye adabu, na alikwenda kwenye tombola kwa sababu tu nyumbani kulikuwa kimya mno. Kadi yake ilibakiza namba moja. Iole akaitoa namba kwenye mfuko, akaitazama, akamtazama yeye, akatabasamu kabla ya kuitaja. Basi. Ermete alishinda paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, akalibeba mpaka nyumbani, na usingizi ukamruka hadi kengele za asubuhi.

Tangu hapo akawa anampungia kofia. Jioni, mji mzima unapotoka kutembea uwanjani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama ulivyo utaratibu wetu, Ermete na Iole hupishana. Yeye huinua kofia na kusema habari za jioni, Bi Iole. Naye hujibu njema, Bwana Ermete. Wakigeuka mwisho wa uwanja hupishana tena, kofia tena. Kwa miaka mizima mwanamume huyu hakuongeza hata neno moja juu ya hayo. Vinicio, mwenye baa iliyo chini ya matao ya uwanja mkubwa, humwita domo zege, na sijui jina linalomfaa zaidi.

Kwa hiyo ziara ilipotoka, Ermete aliona bahati imemdondokea. Sasa angeweza kumsikia Iole kila siku, kwa muda wote autakao, bila kutafuta la kumjibu. Vinicio ndiye aliyempakulia kwenye simu kwa vidole vyake vinene. Alijua vizuri anachokifanya.

Ermete akaijua ziara nzima kwa moyo, isipokuwa mwisho wake. Kilichompendeza kupita vyote ni kituo cha sita, penye minara miwili. Iole alikuwa akieleza jinsi koo mbili zilizogombana zilivyoshindana kujenga, kila ukoo ukitaka kuchungulia sahani za mwenzake, na mbwa wa jirani akabweka katikati ya sentensi. Iole akaangua kicheko. Waliorekodi hawakukikata. Kila alipofika pale Ermete alisimama chini ya mnara akakisikiliza kicheko hicho, kisha akabonyeza na kukisikiliza tena, mpaka mwenye duka la viatu lililo mkabala akaanza kumtolea kiti.

Mwisho wa ziara hakuujua kwa sababu moja. Kituo cha tisa kiko chini karibu na daraja la Warumi, kwenye birika la kale la kufulia, ambapo Iole anaeleza kwamba hapo zamani mashuka yalifuliwa kwa maji na majirani walifuliwa kwa maneno. Kutoka hapo unapanda kichochoro cha Mtini, na kituo cha kumi kiko ndani ya ua. Na ua wenyewe ni wa nyumba ya Iole. Vibao vinasema kuna kisima cha kale mle, na ni kweli kipo.

Kwetu kuna sheria isiyoandikwa popote na isiyovunjwa na yeyote: ua wa mtu si njia. Mwenyeji wa Ascoli hapiti chini ya tao la ua wa mwenzake bila kuitwa, na ua wa mjane ndio kabisa, hata paka hufikiri mara mbili. Mtalii ni mtalii, anasamehewa, hajui. Lakini Ermete? Aingie kwenye ua wa Bi Iole mchana kweupe, majirani wakiwa madirishani, kwa kisingizio cha kutazama kisima ambacho alishawahi kutumbukia ndani yake utotoni? Haiwezekani. Alifika kwenye kona ya kichochoro, akatazama tao kwa mbali, akageuza.

Na kulikuwa na jambo lililomkera zaidi. Kutoka kwenye kona ile alisikia vicheko na milio ya glasi ndani ya ua. Watalii waliingia wamechoka, wakatoka baada ya muda mrefu wamechangamka. Siku moja alimwona Mjerumani mrefu, kaptura, magoti mekundu, akitoka na mfuko wa tini. Tini za Iole! Ermete alirudi nyumbani siku hiyo akakataa hata kula chakula cha jioni.

Mji nao ukamshika kwa maneno. Kila aliyekutana naye alimwuliza swali lile lile. Muuza mboga aliuliza, padri aliuliza, hata mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya benki aligeuka na kumwuliza: umefika kituo cha kumi? Ermete alidhani wanayacheka magoti yake, kwamba hayawezi kupanda kichochoro.

"Leo je?" Vinicio aliuliza Alhamisi moja mwishoni mwa Oktoba, akimwekea kikombe.

"Cha tisa."

"Na kesho?"

"Kesho nitafika cha tisa."

Vinicio akaugeukia mtambo wa kahawa akijifanya anaufuta, mabega yakimtikisika. Kisha akaacha kucheka. Akaweka kitambaa chini, akamsogelea rafiki yake na kumpa habari ambazo mji mzima ulikuwa nazo tangu asubuhi. Loretta, binti yake Iole, anayekaa Bolzano kule milimani, anakuja Jumapili na gari kumchukua mama yake. Anasema nyumba ni kubwa, ngazi ni nyingi, baridi inakuja, na mama hana mtu. Iole ameshaanza kufunga masanduku.

Ermete aliuliza kama ni kwa majira ya baridi tu. Vinicio akatikisa kichwa. Ni moja kwa moja.

Kahawa ikampoa mkononi. Moyoni mwake mlikuwa na hofu ambayo hakuwa ameionja tangu siku za ugonjwa wa mkewe. Aliwaza kwamba Jumatatu ataamka, atavaa kofia, atakwenda Uwanja wa Arringo, na Iole atamsimulia vituo vyote tisa kama kawaida, hata kile kicheko, na mwenyewe atakuwa hayupo.

"Kaka," Vinicio alisema, "mficha uchi hazai. Ng'ombe mzima umemla, umeshindwa na mkia?"

"Ua wa mtu si njia."

"Nani kakwambia..." Vinicio alianza, kisha akaufumba mdomo kwa nguvu kama aliyekumbuka jambo, akaenda kuwahudumia watu ambao hawakuwa wameagiza kitu.

Jioni ile Ermete alitembea uwanjani mpaka watu wakaisha. Alikuwa ametayarisha maneno. Angeinua kofia, angesema habari za jioni, Bi Iole, na safari hii asingepita, angesimama. Lakini Iole hakutoka. Alikuwa na masanduku yake.

Ijumaa, basi, aliamka na uamuzi. Nisikilizeni vizuri, maana uamuzi wenyewe ulikuwa wa kijinga: aliamua kuitembea ziara kwa mara ya mwisho, polepole, aage kila kituo, halafu asiiguse tena simu ile. Mtu anayemtafuta mwanamke aliye mtaa wa pili anakwenda kumuaga kwenye minara! Lakini ndivyo alivyo, na ndiyo sababu tunampenda.

Akaanza. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jiwe jeupe la mji lilikuwa linang'aa. Akaisikiliza chemchemi, akalisikiliza kanisa kuu. Kwenye mlango wa kanisa la Fransisko, penye zile nguzo nyembamba ambazo ukizisugua kwa kiganja hutoa sauti, Iole alimwambia kama anavyowaambia wote: sugua, usione haya, sisi sote tumezisugua tukiwa wadogo. Ermete akasugua kwa kile kiganja chake kipana, nguzo ikaguna, na akaona machozi yanamlenga. Kwenye minara alikisikiliza kicheko mara nyingi kuliko siku yoyote. Mwenye duka la viatu alimletea kiti, akamtazama usoni, akarudi ndani bila utani.

Alipofika kwenye birika la kufulia, kituo cha tisa, aliwakuta bibi na bwana wa Kiholanzi, wazee kama yeye, wamevaa makoti ya mvua ya rangi moja, wanaigeuzageuza simu iliyozimika. Betri imekwisha. Bibi alipomwona Ermete na vispika masikioni, uso wake ukachangamka. Akamwuliza kwa Kiitaliano cha kuokoteza: kumi? Wapi kumi? Nyumba ya bibi wa maji?

Ermete hakujua bibi wa maji ni nani. Akanyoosha mkono kuonyesha kichochoro, na mkono ukagoma njiani. Kwetu mgeni haelekezwi kwa kidole. Mgeni akikuuliza njia, unampeleka mpaka mlangoni, hata kama ulikuwa unakwenda mazishini, vinginevyo ukienda kinyozi utayasikia. Basi hapo sheria mbili za mji zikamkaba fundi makufuli, hii ikimzuia na ile ikimsukuma. Akatazama juu, akatazama chini, akawatazama Waholanzi waliokuwa wakimngoja kwa imani kubwa. Akajikaza kisabuni.

"Twendeni," alisema.

Wakapanda kichochoro cha Mtini, yeye mbele, wao nyuma. Kwenye kona anapogeuzia kila siku hakugeuza. Mwanamke aliyekuwa akikung'uta mkeka dirishani aliacha kukung'uta. Dirisha la pili likafunguka, kisha la tatu. Ermete akaiona miguu yake mwenyewe ikipita chini ya tao, akaingia kwenye ua.

Palikuwa kama alivyopakumbuka. Kisima kile, mtini ule ukiwa umebaki na majani machache ya njano, ngazi za mawe, na mlango wa kijani aliouwekea kufuli yeye mwenyewe zamani, wakati mwalimu Gualtiero yu hai na rangi ya mlango ni ya kahawia. Pembeni palikuwa na meza ndogo yenye glasi zilizofunikwa kwa kitambaa. Bibi wa Kiholanzi akaashiria simu ya Ermete, akaashiria sikio lake, akaomba kwa macho. Wao hawana simu, nao wametoka mbali. Ermete akachomoa vispika, akaongeza sauti ili wote wasikie, akabonyeza.

Sauti ya Iole ikajaa uani.

"Umefika mwisho. Pole kwa mawe, najua miguu inakuuma. Kisima hicho ni cha zamani sana na hakina lolote, nimekitaja ili uje. Hii ni nyumba yangu. Piga kengele, nina maji baridi na biskuti, na kama ni msimu wake, nina tini. Katika mji huu mwanamume anaweza kupishana na mwanamke uwanjani miaka yote akiinua kofia, asiseme neno. Ninyi wageni hamna aibu zetu, Mungu awabariki. Kwa hiyo wewe mgeni, piga kengele. Na kama wewe si mgeni, kama wewe ndiye uliyeutia mlango huu kufuli, basi ipige kwa nguvu, maana sikio langu la kushoto limeanza kuchoka, na mimi mwenyewe nimekusubiri sana."

Tone moja la maji likaanguka kutoka kwenye mtini.

Ermete alikuwa amesimama na simu mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Wote walijua. Muuza mboga, padri, mama wa foleni ya benki, wote. Tangu Pasaka mji mzima ulikuwa umeyasikia maneno haya humu uani, kila mtu na sikio lake, Iole akiwaita mmoja mmoja, isipokuwa mwenyewe. Baadaye Vinicio alimweleza kwamba Iole alishawaonya mapema: atakayemwambia Ermete, Krismasi yeye Iole ataimeza namba yake asiitaje. Na hakuna mtu Ascoli aliye tayari kupoteza paja la nguruwe kwa ajili ya mapenzi ya mwenzake.

Waholanzi hawakuwa wameelewa neno la kusikia, lakini tafsiri ya Kiingereza ilikuwa inatembea kwenye kioo, na bibi aliisoma kwa kuinama. Akasoma mpaka mwisho. Akainua macho, akamtazama Ermete masharubu, kofia, na viganja vile. Akaugusa mlango wa kijani penye kufuli, kisha akamgusa Ermete kifuani kwa kidole kimoja.

"Wewe?" aliuliza.

Ermete akaitikia kwa kichwa. Bibi akasema neno moja kwa Kiholanzi, akamshika mumewe mkono, wakaenda kuketi kwenye ukingo wa kisima, wametulia, kama watu waliokata tiketi.

Ermete akapiga moyo konde, akavua kofia, akapiga kengele. Akaipiga kwa nguvu mno, mpaka njiwa wakaruka.

Dirisha la juu likafunguliwa. Iole alitokeza, kitambaa kichwani, mikono ina vumbi la masanduku. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe ikitoka chini kwa mara ya mia, na alikuwa ameshatia maji kwenye jagi. Akatazama chini. Jagi akaliweka taratibu kwenye ukingo wa dirisha.

"Nani?" aliuliza, ingawa macho anayo na anayaamini.

"Ermete."

"Ermete yupi?"

"Wa makufuli."

"Kufuli langu halijaharibika."

"Najua. Nililitia mwenyewe."

Kwenye madirisha ya jirani watu walikuwa wameacha kujificha. Mwenye mkeka alikuwa ameegemea viwiko. Iole alingoja. Ermete akaizungusha kofia mikononi, akayatafuta yale maneno aliyoyatayarisha uwanjani, asiyaone hata moja, akasema lililokuwepo.

"Usiende Bolzano."

"Kwa nini nisiende? Ngazi ni nyingi. Baridi inakuja. Sina mtu."

"Kwa sababu ukienda nitabaki na simu," alisema Ermete, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Kiangazi chote nimetembea nawe, Iole. Nimekuambia mambo mengi. Penye minara nimekuambia mengi mno. Lakini ile sauti haijibu."

Alikuwa amemwita jina tupu, bila Bi, mbele ya mtaa mzima. Wote walilisikia. Iole akaushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na uso wake ukawa kama ule wa Krismasi ile, kabla ya kuitaja namba.

"Wamekuja Wajapani," alisema. "Wamekuja Wadenmaki. Amekuja Mjerumani mmoja, akala tini zangu nusu ya mti. Wamekuja watu kutoka nchi ambazo ilibidi nizitafute kwenye ramani. Kila kengele ikilia navua aproni, najitazama kwenye kioo, nashuka, namkuta mtu mwenye mkoba mgongoni. Hata Wamilano wamefika, Ermete, Wamilano! Na wewe unakaa mtaa wa pili."

"Ua wa mtu si njia," alisema Ermete kwa unyonge.

"Ndiyo maana nikaufanya njia."

Hapo bwana wa Kiholanzi, ambaye hakuelewa chochote, alipiga makofi, mkewe akamzuia mikono.

Iole akauliza Jumapili nani atakayezungumza na Loretta. Ermete akasema atazungumza naye yeye, kwa heshima zote, na Loretta hatarudi Bolzano mikono mitupu, atambebesha kasha zima la zeituni zilizojazwa nyama, zilizokaangwa na zisizokaangwa. Iole akasema Loretta anapenda zilizokaangwa. Kisha akatoweka dirishani. Waliokuwa wakitazama wakashikwa na wasiwasi, na Ermete kuliko wote, mpaka aliporudi ameshika leso yenye fundo.

"Sishuki," alisema. "Nimeshuka kiangazi kizima. Leo nimechoka, panda wewe."

Akaiachia leso. Ermete akanyoosha mikono yote miwili, leso ikapita katikati yake, na Mholanzi ndiye aliyeiokota. Ndani mlikuwa na ufunguo. Ermete aliujua kabla hajaugusa, maana meno yake aliyachonga yeye, kwa tupa yake, kwenye karakana yake, siku ambazo hakudhani kwamba ataushika tena.

Mtu huyu amefungua milango ya mji mzima. Amefungua kasha la padri, amefungua benki siku meneja alipofungiwa ndani na aibu zake. Siku hiyo alisimama mbele ya kufuli lake mwenyewe na ufunguo wake mwenyewe, akalikosa tundu mara tatu. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na mwenye mkeka alilirudia neno hilo kwa sauti dirishani ili wote wafaidike.

"Kushoto kidogo," alisema Iole kutoka juu, kwa ile sauti ya simu, nene, yenye mkwaruzo. "Sukuma. Haya. Sasa umeingia ukumbini. Upande wako wa kulia kuna sanduku, usijikwae, tutalifungua kesho. Mbele yako kuna ngazi. Ni za zamani na hazina lolote. Panda taratibu, hakuna anayekufukuza."

Ermete akasimama kwenye ngazi ya kwanza, kofia mkononi. Miezi yote ile alikuwa ameisikiliza sauti hiyo ikimwelekeza, naye akiijibu moyoni tu.

"Unanisikia?" aliita.

"Nakusikia," sauti ikamjibu. "Panda."